Koti la Karume, Bao la Mezani: Mwongozo wa Vuli ya Ugenini

Koti langu la kwanza la Ulaya nililinunua kwa hofu. Kila niliyemuaga alinitisha kuhusu baridi, nami nikanunua dude jeusi lenye manyoya ndani, zito kama godoro, nikatua nalo Uingereza wiki ya tatu ya Septemba. Nje kulikuwa na jua na nyuzi 19. Ndani ya treni ya kwenda mjini wenzangu wamevaa mashati, mimi nimekumbatia godoro langu, jasho linanitoka kama mpishi wa pilau la harusi. Mwezi uliofuata manyunyu yalipoanza, godoro likanywa maji, likagoma kukauka siku tatu, likaanza kunuka beberu. Novemba, baridi yenyewe ilipofika, nilikuwa nimeshalitupa.

Kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyalipia ada. Yanakuhusu wewe unayeondoka Septemba au Oktoba: mwanafunzi uliyepata nafasi ya chuo, mke unayemfuata mume (na mume unayemfuata mke, siku hizi wapo wengi), au bibi uliyeitwa kwenda kumpokea mjukuu. Nitazungumzia Uingereza kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwetu vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Watu wa kamusi wakalichukua neno hilohilo wakayaita majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika. Miezi inalingana, shughuli hazilingani: huku mkulima anapanda, kule miti inajivua. Usitarajie radi na mafuriko. Mvua ya kule haina ghadhabu; inadondoka kidogo kidogo kutwa nzima kama mtu anayelalamika chini kwa chini, na ndiyo inayoharibu viatu.

Koti linunuliwe nyumbani

Ushauri wangu mkubwa wa mavazi ni huu, na wengi huucheka kabla ya kuufuata: koti la Ulaya linunue soko la Karume, Dar es Salaam. Au Gikomba ukiwa Nairobi, au Memorial ukiwa Moshi. Makoti ya sufu yaliyojaa kwenye mabelo ya mitumba yametoka kulekule unakokwenda, yameshonwa kwa baridi hiyohiyo, na Dar es Salaam hayana wanunuzi. Nenda Februari, jiji likiwa linachemka, umkute muuzaji amekalia rundo la makoti marefu ambayo hata yeye akiyatazama anasikia joto. Bei mtakayoafikiana hapo hutaipata tena, na hasa hutaipata kwenye duka la mjini London. Gikomba waulize wenyewe kama wamefungua kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza zinazochaguliwa mwanzo. Ukichelewa utaishia kwenye fagia, yaani mabaki, ambako unaweza kupata bahati lakini utainama sana.

Ukishika koti, usianze na rangi. Anza na lebo, ndani ya shingo au kwenye mfuko wa ndani. Tafuta neno wool na asilimia iliyoandikwa kando yake. Sabini na kuendelea ni mali. Likiwa poliesta tupu, lirudishe. Litakupa jasho bila kukupa joto. Kisha liinue juani ulitazame kwa nyuma: mashimo madogo madogo yanayopitisha mwanga ni kazi ya viwavi vya nondo, na koti moja lenye nondo litakula masweta yako yote kabatini. Geuza mikono, angalia bitana kwenye makwapa, maana ndipo inapochanika kwanza. Vifungo visikutishe, vinanunuliwa. Mabega yakutishe: koti linaweza kupunguzwa kiuno, kufupishwa mikono, hata kubadilishwa kola, lakini mabega yakikuzidi hakuna fundi atakayekuokoa kwa bei ya kawaida. Na ulijaribu ukiwa umevaa sweta, hata kama watu sokoni wanakutazama.

Ukilipata, hapo ndipo raha inapoanzia. Peleka kwa fundi cherehani wako, mwambie atoe bitana ya zamani na kuweka ya kitenge. Yadi mbili hadi tatu zinatosha kulingana na urefu wa koti. Kabla hujampa kitambaa, kiroweke na kukifua mpaka maji yatoke meupe, kisinywee wala kuchuja rangi kwenye shati lako jeupe siku utakaponyeshewa. Na sharti moja, usilisahau: kitenge kiwe cha mwilini tu, mikononi aweke satini au bitana ya kawaida inayoteleza. Pamba haitelezi juu ya sufu. Mimi niliweka kitenge hadi mikononi kwa sababu nilikipenda mno, na kwa mwezi mzima kila nilipovaa koti mikono ya sweta ilinipanda hadi kwenye viwiko. Fundi alinionya. Sikumsikia.

Kwa nje utakuwa kama wao: nyeusi, kijivu, bluu ya usiku, ndizo rangi ambazo umati wa kituo cha treni huvaa ikifika Novemba, utadhani mji mzima unakwenda msibani. Ukifungua kifungo ofisini au darasani, hapo ndipo Kariakoo inapochungulia. Wale wanaofuata mitindo msimu huo huvaa rangi za majani yenyewe, yaani damu ya mzee, bizari, hudhurungi, na kijani kilichochakaa. Majani hugeuka hivyo kwa sababu mti unapojiandaa kwa baridi huacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Ikivunjika, njano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana, na nyekundu baadhi ya miti huitengeneza palepale. Sisi rangi hizo hatuna haja ya kuzitafuta dukani. Fungua sanduku la vitenge la mama yako uone.

Anayetoka Makete au Njombe atacheka akisikia nyuzi 10 zinaitwa baridi. Amezoea umande kuganda majanini mwezi wa Julai. Lakini asijivune mapema, kwa sababu baridi hizi mbili zina tabia tofauti. Ya Njombe inakufuata hadi kitandani, ndani na nje ni sawa, ukivaa umevaa. Ya Uingereza inakungoja mlangoni. Ndani ya basi, dukani na maktabani hita zinawaka, unatoka kwenye nyuzi 8 unaingia kwenye 21, unatoka tena. Ndiyo maana nguo moja nene ni ujinga na nguo tatu nyepesi ni akili: fulana inayobana mwili, sweta la sufu, kisha koti. Unavua na kuvaa kama kitunguu. Kama unatembea sana au unaendesha baiskeli, fulana ya ndani isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi wake. Sufu nyembamba hata ikiwa na unyevu bado inashika joto.

Kwa makadirio, London mchana wa Septemba huwa karibu na nyuzi 20, Oktoba 15, Novemba 11. Edinburgh punguza mbili au tatu, kisha ongeza upepo. Huo upepo ndio utakaokufundisha kwamba mwavuli ni pambo. Koti jepesi lisilopitisha maji na lenye kofia yake ndilo la siku za mvua. Lile la sufu liwe la siku kavu, na lisiwe na haja ya kupigana na manyunyu.

Shingoni vaa kikoi. Wengine watakuambia kanga, nami naipenda kanga, lakini kwa shingo kikoi kimefumwa kwa uzito zaidi, kinajikunja vizuri na matamvua yake yananing'inia bila kufanyiwa kazi. Kikunje mara mbili kwa urefu, kipitishe shingoni, ncha uziingize kwenye kitanzi. Kina mama wa baibui na mtandio hawana tatizo hapo juu, tatizo lao ni chini: pindo linalofagia njia iliyojaa majani yaliyolowa hurudi nyumbani zito na lenye matope. Lipandishe inchi mbili kabla hujaondoka, na ndani vaa suruali ya sufu inayobana. Bibi, wewe kanga yako usiiache. Jifunge juu ya hiyo suruali, na ukitoka nje vaa koti. Hakuna atakayekuuliza, na akikuuliza ni kwa kupenda.

Viatu ni neno moja: soli. Majani yale mazuri ya kwenye picha yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi. Hata treni hucheleweshwa nayo yakigandamana relini. Raba za soli laini ziache Dar.

Saa zitakuchezea

Hili hakuna aliyeniambia. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zote za Uingereza hurudishwa nyuma saa moja. Tofauti yao na Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa saa mbili, inakuwa saa tatu, na mama yako aliyezoea simu yako baada ya taarifa ya habari atakaa anaingoja. Mwambie mapema.

Kisha jua linaanza kukusaliti. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza upya. London mwishoni mwa Novemba linazama kabla ya saa kumi jioni, huko Edinburgh mapema zaidi. Unaingia darasani mchana unatoka usiku, na tumbo linakuambia ni wakati wa chakula cha usiku ilhali wenzako hata chai ya jioni hawajanywa. Kwa anayeswali, Adhuhuri hadi Magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi, kwa hiyo panga mapumziko yako ya kazi kwa ratiba ya msikiti wa karibu na usitegemee mazoea ya nyumbani. Lakini mambo yana pande mbili: dada mwenye deni la siku za Ramadhani hatapata wakati mwepesi wa kulilipa kuliko huo. Unakula daku bila kukurupuka na unafuturu kabla duka la kona halijafunga.

Giza hilo la mapema ndilo linalowaangusha watu wengi kuliko baridi. Koti haliwezi kulizuia. Linahitaji kazi ya mikono, na nitalifikia baada ya kufunga sanduku.

Cha kubeba, cha kuacha

Nina ugomvi wa muda mrefu na vitu vya kumbukumbu vinavyotengenezwa ili vitazamwe. Twiga wa mbao, picha ya Mmasai machweo, sahani yenye ramani. Vinakaa juu ya kabati, vinakusanya vumbi, na baada ya mwaka mmoja macho hayavioni tena. Kumbukumbu inayodumu ni ile unayoitumia, inayofuliwa, inayochakaa mkononi mwako. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: kitu hiki nitakishika mara ngapi kwa wiki?

Kanga inakipita kipimo hicho bila jasho. Na kuna njia ya kubeba kanga ambayo nakusihi uifuate. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, bado vimeshikana, ndipo fundi avikate na kuvipinda. Nunua doti pamoja na yule unayemwacha, mama, shangazi, mke, mkae dukani mchague. Ikikatwa, kipande kimoja kibaki kwake, kimoja uondoke nacho. Hakuna gharama ya ziada, na siku ukimpigia simu ya video ukamwona amejifunga cha kwake, utaelewa kwa nini nimekusisitizia.

Wakati wa kuchagua, wageni huangalia mji, yaani ile sehemu ya katikati yenye maua au korosho, na pindo linalouzunguka. Mwenyeji huanza kwa kusoma jina, yaani maandishi yake. Nguo hii ilizaliwa pwani yetu karne ya 19 mwishoni. Mombasa bado wengi huiita leso, kutoka neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na huko kuna nembo ambayo bibi zetu waliisaka kwa macho, ile ya mfanyabiashara Kaderdina iliyoandikwa Mali ya Abdulla. Maandishi ya mwanzo yalikuwa ya herufi za Kiarabu, baadaye yakawa ya Kirumi, na tangu hapo kanga imekuwa ikisema yale ambayo mvaaji hawezi kuyatamka. Ndiyo maana uwe mwangalifu na za zawadi. Nilimwona mama mmoja wa Kiingereza, mwenyeji mkarimu kupita kiasi, amevaa kwenye sherehe ya shukrani kanga aliyopewa na mpangaji wake. Jina lake lilikuwa fumbo la kumwambia mke mwenza akome. Tuliokuwa tunasoma Kiswahili mle ndani tulikuwa watatu, na hatukuthubutu kutazamana.

Kiondo nacho kinafaa, na kitakwenda sokoni kila Jumamosi. Chagua cha mkonge halisi kilichosukwa kwa kubana, ukikiminya kirudi chenyewe. Karafuu kavu, nusu kikombe, zifunge kwenye kitambaa na kuzitia mfuko wa ndani wa lile koti la sufu. Wazee wetu huziweka kwenye masanduku ya nguo kufukuza wadudu, na hata kama nondo hatasikia, wewe ukiingiza mkono kutafuta tiketi utasikia Unguja.

Vya kuacha ni vifupi kueleza. Gamba la kasa, pembe za ndovu, matumbawe, kauri kubwa kubwa za baharini: usinunue, usipokee, hata ukiambiwa ni za zamani. Biashara ya kasa na ndovu kuvuka mipaka imefungwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na mizigo hukaguliwa pande zote mbili. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Uingereza kwenye begi la msafiri, kwa hiyo ile nyama aliyokukaushia bibi imalizie uwanja wa ndege ukiwa bado Dar.

Na za kurudi nazo? Ndugu watataka simu, hilo mtamalizana wenyewe. Lakini kama una baba au babu anayevaa kanzu, hifadhi fedha umnunulie kipande cha Harris Tweed, hata baki la mwisho wa jora. Ni kitambaa cha sufu kinachofumwa kwa mkono majumbani mwa wenyeji wa visiwa vya Outer Hebrides, magharibi ya Scotland, na tangu 1993 kuna sheria ya Bunge inayosema kisichofumwa hivyo kisiitwe hivyo. Kitambue kwa muhuri wa tufe lenye msalaba juu yake. Usinunue koti lililoshonwa tayari. Nunua kitambaa, fundi wa nyumbani amshonee kisibau cha kuvaa juu ya kanzu. Mzee akiketi barazani Idi na kisibau hicho, kila anayepita ataguswa bega aoneshwe.

Bao si pambo

Sasa lile giza la saa kumi jioni.

Katika nyumba za Waswahili ughaibuni nimeona mabao mengi, na karibu yote yametundikwa ukutani. Bao lililotundikwa limekufa. Na wengi wanaolitundika hawajui kulicheza, wanasema ni la wazee. Miezi hii mitatu ya usiku mrefu ndiyo nafasi yako ya kujifunza, mbali na wale magwiji wa vijiweni ambao wangekufukuza kwa maneno kabla hujashika kete ya pili. Ukijua, siku ukirudi na kukaa Jaws Corner pale Mji Mkongwe na kikombe cha kahawa, utakuwa na haki ya kutoa maoni.

Nunua ubao mwenyewe kabla ya safari na uhesabu mashimo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kwenye kila safu ya mbele shimo moja ni la mraba, nalo huitwa nyumba. Vile vibao vinavyokunjwa vyenye safu mbili, vinavyouzwa kwenye maduka ya watalii, ni vya mchezo mwingine. Kete ni 64, kwa desturi ni mbegu za mkomwe, zile za kijivu zinazoteleza. Mbegu zinaweza kukuletea maswali kwenye ukaguzi wa mimea, kwa hiyo mimi nilibeba ubao mtupu na kununua vifungo vya koti 64 kwenye duka la misaada. Sauti yake si ile, lakini vinachezeka.

Usianze na mchezo wenyewe. Ule wa watu wazima una sehemu mbili: namua, ambapo kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi akiziingiza moja moja, kisha mtaji, ambapo zote zimekwishaingia. Namua ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza. Anza na bao la kujifunza: weka kete mbili katika kila shimo, zote 64 ziwe ubaoni, mcheze.

Safu mbili za upande wako ni zako, hutii kete zako upande wa mwenzio. Unachota kete za shimo moja lenye zaidi ya kete moja, unazigawa moja moja kuzunguka mashimo yako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ya mwenzio. Ikiangukia shimo la safu yako ya mbele ambalo lina kete, na shimo la mwenzio linalolitazama lina kete pia, umekula: unazichukua zile zake na kuzigawa upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kama huna cha kula tangu mwanzo, unatakata, maana yake unacheza ndani ya kwako tu. Kula ni lazima. Ukiwa na nafasi ya kula huruhusiwi kutakata. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umekwisha, hata kama nyuma una utajiri.

Wiki ya kwanza utapoteza hesabu katikati ya mzunguko. Kawaida. Wiki ya pili utaanza kuona, kabla hujashika, kete ya mwisho itaangukia wapi. Siku hiyo ukiiona hata mara moja tu, umeshikwa, hutakumbuka tena kuuliza jua limezama saa ngapi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, pamoja na shughuli zote alizokuwa nazo, alilipenda bao, na sidhani alilitundika.

Mpinzani usimtafute mbali. Mwenzangu wa kwanza alikuwa jirani wa chini, mzee mstaafu, ambaye alikuja kulalamika kwamba anasikia vitu vikidondoka sakafuni kwangu. Vilikuwa vifungo. Nikamkaribisha ndani nimwoneshe, akakaa mpaka saa tatu usiku, na baada ya mwezi alikuwa ananitania kwa neno moja la Kiswahili alilojifunza vizuri: umelala.

Kama bao si lako, kuna kufuma. Vile vitambaa vya makochi ambavyo tumekulia tukiambiwa tusivikalie, ujuzi wake ni uleule wa kofia na skafu za sufu. Ukibadilisha uzi wa pamba kwa uzi mnene na sindano kubwa kidogo, jioni mbili unatoa skafu. Maktaba nyingi za mitaa zina meza ya wafumaji siku moja ya wiki, bure, na ni mahali pazuri kwa bibi ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, maana mikono ndiyo inayozungumza. Usinunue vifaa vipya. Nyuzi zilizobaki na sindano za marehemu za watu zimejaa kwenye maduka ya misaada.

Kushona kofia ya viua, hapana, si kwa kuanzia. Ni kazi nzuri ya kubeba mfukoni, lakini vile vitundu vinatobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri ni miezi. Nawajua watatu walioanza kwa moto. Kofia zote tatu ziko nusu.

Mwenye kiwanja nyuma ya nyumba apande vitunguu saumu Oktoba. Vitalala ardhini baridi yote na kuvunwa Julai. Na kama alipanda sukuma wiki mapema kiangazi, asiing'oe kwa kuogopa jalidi. Ikipigwa na jalidi huwa tamu zaidi, jambo ambalo ukimsimulia mama yako hatakuamini.

Machi, Jumapili ya mwisho, saa zitasogezwa mbele tena na makoti yataanza kuvuliwa. Usilibebe lako kurudi nalo. Ni zito na kilo za ndege ni ghali. Lifue, lipeleke duka la misaada. Yasiyouzwa hapo huuzwa kwa wafanyabiashara wa mitumba, hupangwa kwa madaraja, hufungwa mabelo, na mengi hupakiwa kuja Afrika. Langu nililiacha hivyo miaka kadhaa iliyopita. Ukiwa Karume siku moja ukakuta koti la kijivu la sufu, bitana ya kitenge cha damu ya mzee mpaka mikononi, ingiza mkono mfuko wa ndani kabla hujauliza bei. Kama kuna karafuu, mwambie muuzaji nimesema akupunguzie.